Mwaka Niliofuga Fukusi

Sikwenda msibani kwa Mama Koku kulia. Nilikwenda kwa sababu Koku mwenyewe alinipigia simu, akasema mama yake amefariki, mazishi ni hapahapa Mwanza, na kwamba ingependeza niwepo kwa kuwa niliwahi kukaa kwao. Kukaa ni neno lake. Mimi ningesema niliwahi kufukuzwa kwao. Lakini mtu habishani na mfiwa kwenye simu, kwa hiyo nikajifunga kitenge, nikatoka Buhongwa asubuhi, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimekaa mkekani Pasiansi, katika sebule ileile ambamo niliambiwa nitoe vitu vyangu. Wameibadilisha. Wameweka vigae, wametundika runinga pana ukutani, na ile harufu ya mafuta ya kukaangia samaki imekwisha. Wanawake walikuwa wanapokezana kumsifu marehemu: alikuwa mcha Mungu, kwaya imepoteza nguzo, hakuwahi kumnyima mtu chakula. Hapo kwenye chakula nikakohoa. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akanipa maji, akidhani ni kwikwi ya kilio. Mimi Mungu amenipunguzia mengi, macho, magoti, hata subira, lakini kumbukumbu ameniachia nzima, na marehemu yule nilimjua kwa mwaka mmoja uliotosha.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipotuingia mwilini. Mashirika yalikuwa yanauzwa, watu wazima wanarudi nyumbani saa nne asubuhi na mkoba wa kazi usio na kazi, mitumba imetandazwa kila kona, na viwanda vya minofu vinasafirisha nyama ya sangara ng'ambo huku sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tukiuziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na matokeo ya kunipeleka popote isipokuwa chuo kikuu. Nikavuka na kivuko kutoka Sengerema, nikapanga chumba cha uani kwa Mama Koku, mwanamke wa Kihaya mwenye sauti ya kumwita mtu aliye kilima cha pili. Mumewe, Baba Koku, alikuwa mmoja wa waliopumzishwa kazi. Alinyoa ndevu kila asubuhi, akavaa shati la mikono mirefu, kisha akaenda kukaa kwenye kiti barazani mpaka jioni. Binti yao Koku alikuwa rika langu, anajifunza kushona. Nyumba ililishwa na karai la Mama Koku, lililokaanga mapanki na sato wadogo pale mbele. Kodi yangu ilikuwa na chakula cha jioni ndani yake, na nakiri chakula kilikuwa kizuri: ndizi zilizopikwa na maharage mpaka vikawa kitu kimoja, na Jumapili samaki. Tulikula wote sebuleni, Baba Koku akisali sala ndefu mpaka mvuke unaisha kwenye sahani.

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilitazama migomba. Anayeijua Mwanza anajua kwamba mgomba si mti wa miamba ile. Mama Koku alikuwa amebeba udongo kwa beseni, kichwani, kutoka mabondeni, akaujaza katikati ya mawe, akaumwagilia maji ya kuoshea vyombo, akaulisha majivu na samadi ya kuomba. Machipukizi yalitoka Kagera, kwenye kibanja cha ukweni kwake. Kwa Wahaya kibanja si shamba tu. Ni shamba, ni uwanja wa nyumba, na ni mahali walipolala wazee waliokufa. Kibanja kile kilikuwa kimeisha. Fukusi wa migomba walikitafuna kwa chini, mgomba mmoja baada ya mwingine ukaanguka, na Baba Koku akapanda meli kwenda kuchukua machipukizi ya mwisho yaliyokuwa hai. Hiyo migomba ya nyuma ya nyumba ndiyo iliyokuwa imebaki ya ukoo mzima. Sikuwahi kuona mtu mzima akizungumza na mmea kabla ya hapo. Baba Koku alikuwa anaiamkia.

Kuhusu ziwa, vijana wa sasa hawaelewi ukiwaambia. Wanadhani tunatia chumvi. Magugu maji yalikuwa yameziba ghuba, mwalo baada ya mwalo, kila mahali mitumbwi inapotia nanga, kijani kitupu chenye maua ya zambarau ambayo wageni waliyapiga picha. Mitumbwi ilikwama humo, nyavu zilichanika, mbu walizaliana, nyoka walipata makao. Mama Koku alishuka mwaloni na ndoo yake alfajiri, akarudi nayo tupu, akayatukana magugu kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Karai likikaa bila samaki, nyumba inakaa bila sukari. Kwa hiyo nilipopata kibarua kwenye kituo kimoja kando ya ziwa, kituo cha watu waliokuja kuyamaliza magugu, nilidhani nitapigiwa vigelegele.

Habari niliisema mezani. Baba Koku ndiye aliyeuliza. "Umepata kazi, binti?"

"Nimepata, baba. Kule ziwani, kwenye mambo ya magugu."

"Hongera sana. Mnayang'oa?"

"Hapana, baba. Nafuga fukusi watakaoyala."

Mama Koku akaweka kijiko chini. "Unafuga nini?"

"Fukusi, mama."

"Unawaua."

"Nawafuga. Nawalisha, wanazaana, halafu tunawapeleka kwenye magugu."

Akamgeukia mumewe, wakazungumza Kihaya kirefu. Sikuelewa maneno lakini uso wa mtu hauna kabila. Kisha akanirudia kwa Kiswahili. "Sikiliza, Minza. Mimi nimeolewa kwenye migomba ambayo ukisimama chini yake mchana huoni jua. Nimeondoka pale nikiona jua mpaka kwenye kizingiti. Mdudu huyo mwenye pua. Mdudu asiyezidi punje ya maharage. Baba mkwe wangu alikufa akiitazama inaanguka. Halafu wewe unakuja kwenye meza yangu, unakula ndizi zangu, unaniambia unamfuga?"

Nikasema si yule, ni wa aina nyingine. Akacheka. "Mwizi naye ana ndugu, lakini huwakaribishi wote ndani kuwachunguza."

Kuanzia siku ile nikawekewa masharti. Nikirudi kazini nisipite mlango wa mbele. Niogee kwanza bafu la nje, nguo za kazini zibaki kwenye kamba, zisiingie ndani. Nisikanyage kwenye migomba. Na chakula nikaletewa chumbani, sahani yangu peke yake, kikombe changu peke yake. Nilikaa kitandani nikila huku nikisikia vijiko vyao sebuleni na sala ya Baba Koku, na nilimchukia Mama Koku kwa moyo wangu wote. Jioni, karai likichemka, nilimsikia akimwambia jirani yake, mke wa fundi baiskeli, "Nimempangisha Msukuma, kumbe nimepangisha na mifugo yake." Jirani akacheka mpaka akapaliwa, kisha akajibu, "Dada, kikulacho ki nguoni mwako." Na watu haohao msimu wa senene ulipofika, walikaa sebuleni na sinia katikati, wakinyonyoa mabawa na miguu, wakakaanga, wakala huku wakilamba vidole. Mdudu wao kitoweo, wangu mkosi.

Mimi nilikuwa nimekwenda kule kituoni nikijua fukusi wa aina moja tu, yule wa kwenye mahindi, na binamu yake wa kwenye michembe. Sisi tuliolelewa kwa viazi vilivyokatwa na kukaushwa tunamfahamu: unakung'uta ungo, unapuliza, anayebaki unamla naye. Bwana Lutonja, mkuu wa kituo, mtu mkavu asiyejua kutabasamu, siku ya kwanza alinifungulia sanduku la kioo lenye fukusi waliochomwa pini, akaniambia nitazame nisiguse. Nikatazama. Kulikuwa na wa mahindi, mdogo, mwenye madoa manne yaliyofifia mgongoni. Kulikuwa na wa viazi, mwembamba, kichwa buluu na kifua chekundu, utadhani siafu aliyevalia sikukuu. Wa kokwa la embe, mnene, wa rangi ya gome. Wa migomba, mweusi tii, mkubwa kuliko hao wote, pua imepinda. Wengine walikuwa wa kijani kinachometa, wengine na vinundu mgongoni, wengine wana pua ndefu kuliko mwili. "Wote wana pua," akasema Bwana Lutonja, "na mdomo uko kwenye ncha ya pua. Wanatoboa, wanataga ndani. Ukoo huu ni mkubwa kuliko koo nyingi sana za wanyama duniani, na karibu kila mmoja amechagua mmea wake. Watu wanaona wawili watatu wanaokula ghala lao, wanatukana ukoo mzima." Akaniambia michikichi ya Kigoma tunayokula mafuta yake haizai vizuri bila fukusi wadogo wanaobeba chavua kutoka ua dume kwenda ua jike. Akaniambia wapo wanaokula mbegu za mti mmoja ili usiumeze msitu, wapo wanaomalizia magogo yaliyokufa, na ndege na vyura wanawala wao. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayegomba. Nilimpenda kwa hilo.

Fukusi wetu walikuwa wa kahawia, wenye magamba madogo mgongoni, na waliletwa kwa sababu kwao, Amerika ya Kusini, ndio wanaoyashikisha magugu adabu. Tuliwafuga kwenye matangi ya simenti na mapipa yaliyokatwa kati, magugu yakielea juu, chandarua kimefunika. Kazi yangu ilikuwa kuondoa mimea iliyochoka, kuweka mibichi, kukagua majani. Mkubwa anakwangua jani anaacha vidonda vya duara; mtoto wake anaingia kwenye shina na kulichimba mpaka linajaa maji, linaoza, linazama. Hawaui kwa siku moja. Wanauchosha mmea taratibu, na hilo ndilo watu hawakulitaka. Watu walitaka dawa ya kupuliza Jumatatu, ziwa liwe jeupe Ijumaa.

Tulipotaka kuwaachia kwenye mwalo wa karibu na Pasiansi, ikaitishwa mikutano. Sijawahi kutukanwa namna ile. Wavuvi walisema tumeleta ugonjwa. Mzee mmoja akasema dumuzi, yule mdudu wa ghala la mahindi, naye aliletwa, na leo amebaki nani wa kumrudisha? Bwana Lutonja akaona aoneshe. Aliweka fukusi kwenye mabeseni yenye wavu, beseni moja kaweka mahindi, jingine muhogo, jingine mashina ya viazi, jingine kipande cha mgomba, la mwisho magugu. Akayaacha kwa mwenyekiti wa mtaa, chini ya ulinzi wa wavuvi wenyewe, kisha baada ya siku kadhaa tukafungua mbele ya watu wote. Kwenye magugu walikuwa wanatembea. Kwingine wote wamekufa, chakula hakijaguswa.

"Amekufa njaa na mahindi mbele yake?" akauliza kijana mmoja.

"Ndiyo. Hayali."

"Basi ni mjinga."

Watu wakacheka, na nikaona mambo yanalainika. Ndipo Mama Koku akasimama, kanga kiunoni. "Mzee, samahani. Hata mkwe siku ya kwanza ukweni hali mbele za watu. Ngoja azoee." Kicheko kilichofuata kilitumaliza. Bwana Lutonja alijaribu kueleza, hakuna aliyesikia. Kibali tulikuja kupewa baadaye kwa shingo upande, kona moja tu ya mwalo, na mwenyekiti akaniambia mbele ya wote kwamba siku mmea wa mtu yeyote ukiliwa, mimi Minza ndiye nitakayejibu, kwa kuwa Bwana Lutonja ni mtu wa serikali lakini mimi nalala humuhumu. Tangu hapo nililala na hofu. Jina langu ndilo lililokuwa limewekwa rehani pale, na lilikuwa ndicho kitu pekee nilichokuja nacho Mwanza.

Nikawapeleka fukusi mwenyewe, kwenye vikapu, mmea kwa mmea, nimezama maji mpaka kifuani. Wiki zikapita, majani ya kona ile yakaanza kujaa vidonda. Nilishuka kuyatazama kila jioni kwa furaha. Halafu ikaja siku ya kung'oa. Viongozi waliamuru kila kaya itoe mtu, na kina mama wakaongozwa na Mama Koku. Ziwa lote lile, magugu upeo wa macho, na wao wakaanzia kwenye kona yangu. Nilipiga kelele kutoka ufukweni wasiguse pale. Mama Koku, maji kiunoni, akanijibu bila kugeuka, "Hapa ndipo pamelegea, panang'oka vizuri!" Na kweli palikuwa pamelegea, kwa sababu fukusi walikuwa wamekwisha kufanya kazi. Wakavuta, wakarundika, jua likakausha. Yaliyobaki mabichi Mama Koku alijitwika, mwanamke asiyetupa kitu, akayapandisha mlimani na kuyatandaza chini ya migomba yake kuwa matandazo. Alileta fukusi wangu nyumbani kwake kwa kichwa chake mwenyewe, yeye aliyeninyima mlango wa mbele.

Jumamosi moja baada ya mvua ya upepo nilikuwa nafua uani nikasikia yowe. Mgomba mmoja ulikuwa umeanguka na mkungu wake mchanga, umekatikia shinani. Mama Koku alikuwa amepiga magoti kwenye matandazo, na kwenye kiganja chake anatembea fukusi. Wa kahawia. "Njooni!" akaita. "Njooni mwone! Si niliwaambia?" Jirani akaja, mke wa fundi baiskeli, na wengine wakasimama kwenye michongoma. Nikaenda na mikono yenye povu. Nikamwambia, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, kwamba huyo ni wetu kweli, ametoka kwenye magugu aliyotandaza mwenyewe, hali mgomba, anatafuta maji tu. "Aliyeuangusha yuko chini, mama. Tuchimbe tumwone."

Koku akachukua jembe, akachimba. Nikachukua panga nikalipasua lile tunguu la mgomba. Ndani lilikuwa njia tupu, nyeusi, zimepishana, na kwenye njia moja kulikuwa na funza mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Nikakwangua zaidi na akadondoka mkubwa kiganjani kwangu, mweusi tii, pua imepinda, akakunja miguu akajifanya maiti. Ndivyo afanyavyo yule. Nikamnyooshea Mama Koku mkono. Hakuhitaji sanduku la kioo. Alimjua kuliko mimi, alimjua kama mtu anavyomjua aliyemwibia. Ni njia za zamani zile, mdudu hakuingia mwezi ule wala mwezi uliopita. Na kuzunguka tunguu, katikati ya mchanga wetu wa Mwanza, lilikuwa bado limeshikana bonge la udongo mwekundu.

Baba Koku alikuwa amefika, shati lake la mikono mirefu limefungwa vifungo. Akauona ule udongo, na uso wake, Mungu wangu, ukang'aa. "Huo ni wa kwetu," akatuambia sote. "Mabwana shamba wa kule walitaka niyamenye machipukizi, niyakwangue yawe meupe, niyachovye maji ya moto kama wanavyofundisha. Nikakataa. Niliyachimba pembeni ya baba yangu alipolala. Nikasema, yatakuja na udongo wake. Niliyabeba melini kwenye mapaja."

Mama Koku alinitazama, nami nikamtazama, na katika nyumba ile tulimochukiana hakuna siku tuliyoelewana kama wakati ule. Mzee alikuwa amempakata fukusi kwenye mapaja yake kutoka Kagera, ndani ya udongo wa kaburi la baba yake, na hakujua. Nilimwona mkewe akilipima jambo lile usoni mwa mumewe. Kisha akanipiga kofi mkononi, fukusi akaanguka, akamkanyaga.

"Umemtoa mfukoni," akasema.

"Mama!"

"Umemtoa mfukoni! Unawafuga huko, unatuletea. Mmemwona wote akiwa mkononi mwake!"

"Mama Koku, wewe unajua alikotoka."

"Nyamaza! Usimalize hilo neno kwenye uwanja wangu."

Nikamgeukia Koku, mwenye jembe. Koku akanishika mkono juu ya kiwiko akaniminya kwa nguvu, kunizuia, macho yake yako kwa baba yake. Na mzee akanisogelea. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali. "Binti, tumekukosea nini?" akaniuliza. Nikasema, si kweli baba, si mimi. Akatikisa kichwa, akasema, "Mungu akusamehe. Na mimi nimekusamehe." Nimetukanwa na watu wengi maishani, na wengi nimewarudishia. Lakini kusamehewa na mtu ambaye sikumkosea, mbele za watu, nikiwa na ukweli mdomoni na siwezi kuutema kwa sababu utamuua yeye, hilo lilinikaa kooni na halijawahi kushuka. Nilimhurumia na nilimchukia kwa pumzi moja. Saa hiyohiyo nikaitwa sebuleni, nikaambiwa nitoe vitu vyangu. Nilipokuwa nafunga begi nilisikia panga linafanya kazi nyuma: Mama Koku alikuwa anaikata migomba yote, mizima na migonjwa, anaichoma, ili usibaki mmoja wa kuchimbuliwa tena.

Habari ilifika mwaloni kabla yangu. Vikapu vyangu vilitupwa, mapipa mawili yakapinduliwa na vijana, na mwenyekiti akanikumbusha maneno yake. Kituo kikalazimika kuhamia ghuba nyingine, nami nikahamia Buhongwa, kwenye chumba kisicho na dirisha. Sikuacha kazi. Nadhani niliendelea kwa ukaidi kuliko mapenzi. Na fukusi, ambaye haombi kibali, alisambaa mwenyewe na mimea inayosukumwa na upepo, akarudi mpaka mwalo wa Pasiansi ambako alikuwa ametukanwa. Sisemi alifanya peke yake. Hali ya hewa ilisaidia, na mikono ya watu pia. Lakini miaka michache baadaye majani yalikuwa kahawia, zulia likavunjika vipandevipande, mitumbwi ikapita. Magugu hayakuisha, yapo mpaka leo, ila yamerudi kuwa mmea miongoni mwa mimea. Karai la Mama Koku likapata samaki tena. Hakuna aliyepeleka shukrani kwa fukusi. Hakuna aliyekuja Buhongwa. Siku moja sokoni nilikutana uso kwa uso na mke wa fundi baiskeli. Akavuta mkoba wake wa unga akaukumbatia mpaka nikapita.

Sasa, juzi msibani, kabla ya jeneza kutolewa, Koku alikuja pale mkekani na wajukuu wa marehemu, vijana wakubwa wenye simu. Baba Koku alikwisha kufa zamani, nilisikia kwa watu. "Msalimieni mama Minza," Koku akawaambia. "Alikuwa anakaa hapa zamani." Wakasema shikamoo, nikasema marahaba. Mmoja, msichana mwenye uso mzuri wa babu yake, akaniangalia akauliza bila ubaya wowote, "Ndiye yule wa fukusi? Aliyemalizia babu migomba yake?"

Koku akacheka kidogo. "Watoto nao," akasema.

Nikainuka, magoti yakalia. Nikamvuta Koku mpaka kwenye korido. "Koku, wewe ndiye ulikuwa na jembe. Uliona."

"Niliona."

"Baba yako amekufa. Leo mama yako anazikwa. Unamlinda nani tena kwa jina langu?"

Hakukasirika. Amezeeka vizuri, Koku, amepata ile sauti ya mtu wa kanisani. "Minza, baba angejua ni yeye, na udongo wa baba yake, asingemaliza mwaka. Mama aliliona hilo palepale. Ilibidi awe mtu mwingine."

"Na akawa mimi."

"Angekuwa nani? Jirani tungeishi naye vipi? Mimi ni mtoto wao." Akaninyooshea kitenge kilichokuwa kimeteleza begani, taratibu, kwa upendo kabisa, na akaniambia jambo ambalo ilionekana kwake limekuwa wazi miaka yote, akashangaa kwamba mimi sijalielewa.

"Wewe ulikuwa mpangaji."